Sauti ya Kwanza Kutoka Kiwanda cha Barafu

Kila mtu katika mji ule mdogo wa pwani aliijua historia ya redio yao. Tabu ni kwamba kila mtu aliijua ya kwake.

Binti Sauti alikuwa hajalitambua hilo asubuhi ile meneja wa kituo alipomwita ofisini na kumwambia kwamba redio inakaribia kutimiza robo karne na bodi imeamua mambo mawili. La kwanza, kuwe na kipindi maalumu cha saa nzima, hewani moja kwa moja, kueleza redio ilikotoka. La pili, studio kubwa ipewe jina la marehemu baba yake.

"Wewe ndiye utakayeongoza kipindi," meneja alisema. Alikuwa mtu wa haraka, hata chai aliinywa amesimama. "Nani mwingine? Historia yenyewe si ya kwenu?"

Binti Sauti alicheka, akakubali. Jina lile la utani alilipata tangu shule ya msingi, kwa sababu baba yake aliitwa Sauti, na baba yake aliitwa Sauti kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kusikika redioni. Hadithi yenyewe aliijua kwa moyo. Zamani, kabla yeye hajazaliwa, habari za vyombo vilivyochelewa baharini, za mabomba kupasuka na za misiba zilitembea kwa miguu mtaa kwa mtaa. Baba yake alikuwa karani wa kiwanda cha barafu pale bandarini. Kiwanda kilikuwa na jenereta, na kilikuwa na stoo moja tupu karibu na mashine za kugandishia. Akamwomba mwenye kiwanda ile stoo, akapigilia magodoro ukutani, akamtafuta fundi, wakasimamisha mlingoti juu ya paa. Kisha siku moja akakaa mbele ya maikrofoni, akasema, na mji mzima ukamsikia. Sauti nzito, tulivu, nyuma yake mashine za barafu zikinguruma. Alitangaza karibu mwaka mzima, mpaka koo likamsumbua, akawaachia wengine maikrofoni, akabaki kusimamia vipindi.

Binti Sauti alikuwa bado mtoto wa shule alipofiwa na baba yake. Kanda zote za mwanzo zilikuwa zimeshaliwa na unyevu na chumvi, kwa hiyo hakuwahi kuisikia sauti ile redioni. Lakini kwa ajili yake ndiyo alisomea utangazaji. Alidhani kazi ya kuandaa kipindi kile itamchukua mchana mmoja.

Alianza kwa shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa na nyumba ndogo ya wageni karibu na stendi. Alimkuta barazani akikunja mashuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shika pembe hiyo."

Wakavuta shuka, mmoja huku, mwingine kule, na shangazi akasimulia huku akilinyoosha kwa mikono miwili kana kwamba habari yenyewe imeandikwa humo.

"Siku ile mvua inamwagika kama mbingu imetoboka. Mimi nimesimama nje, dirishani, nimejifunika nailoni kichwani. Kati yangu na kaka yangu ni kioo tu. Kavaa shati jeupe, nimelipiga pasi mwenyewe. Namwona kwa macho yangu haya anafungua mdomo. Na redio ya mlinzi iko hapa sikioni. Mdomo unafunguka kule ndani, sauti inatoka huku nje. Mwanangu, nililia kama mtoto."

"Alianzaje?"

"'Ndugu zangu, kaeni karibu.' Ndivyo alivyoanza. Mlinzi wa kiwanda akavua kofia."

"Na sauti ilikuwa ileile aliyokuwa akiongea nayo nyumbani?"

Shangazi akasita kidogo, shuka likalegea katikati. "Ilikuwa nene zaidi. Si unajua mashine hunenepesha sauti? Wewe mtangazaji mzima hujui hilo?"

Binti Sauti alijua kwamba mashine haiwezi kuinenepesha sauti namna hiyo, ila hakuwa amekwenda kubishana. Akashika pembe ya shuka jingine.

Kutoka pale alikwenda kwa Waya. Huyu ndiye fundi aliyeunga mtambo wa kwanza. Sasa alikuwa amestaafu na alitengeneza friji mbele ya nyumba yake, akizungukwa na milango isiyokuwa na friji na friji zisizokuwa na milango. Alimsikiliza Binti Sauti mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mvua? Nani kasema mvua? Siku ile jua lilikuwa kali mpaka bati linalia. Mtambo ukapata moto, tukaleta donge la barafu, tukaliweka mbele ya feni. Ingekuwa mvua, mimi ningepanda juu ya paa na waya mkononi? Nina kichaa?"

"Kumbe ulikuwa juu ya paa?"

"Mimi na baba yako. Mimi nimekumbatia mlingoti, yeye kashika waya, maana upepo ulikuwa unauyumbisha. Tulisikia sauti yetu inatoka kwenye redio za watu huko chini. Baba yako alitaka kuruka!"

Binti Sauti akaandaa swali jingine, likamkwama. "Subiri kwanza. Baba alikuwa na wewe juu ya paa?"

"Ndiyo nakwambia."

"Wakati redio inaanza kusikika?"

"Wakati huohuo."

"Sasa huko chini alikuwa anaongea nani?"

Bisibisi ya Waya ikasimama. Alimtazama msichana yule, akatazama barabarani, akamtazama tena. "Nimesema baba yako? Labda alikuwa mtu mwingine. Uzee huu, mwanangu, usiuone hivi. Kamuulize mama yako."

"Mama anahusikaje?"

"Si alikuwapo? Alikuwa anashona pazia la kuzuia mwangwi." Waya akaingiza kichwa ndani ya friji iliyokuwa mbele yake, na hakukitoa tena mpaka mgeni alipoaga.

Njiani kurudi nyumbani Binti Sauti hakujua ashike lipi aache lipi. Mvua au jua, hilo lingeweza kusameheka, watu husahau. Lakini mtu hawezi kusahau kama alikuwa na mwenzake juu ya paa. Na mtu hawezi kumwona kaka yake ndani ya chumba kama hakuwamo.

Mama yake alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, amezungukwa na sare za shule. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, jambo ambalo watu wa mtaani walilizoea kiasi cha kutolisikia tena. Wageni tu waliopiga simu kuulizia nguo ndio waliosema, "Samahani mzee, naomba kuongea na fundi." Na yeye alijibu, "Mzee ndiye fundi," akaendelea na kazi. Kwa Binti Sauti ilikuwa sauti ya mama, basi. Nani hukaa akaisikiliza sauti ya mama yake?

"Waya anasema siku ya kwanza baba alikuwa juu ya paa."

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kisponji. "Baba yako alikuwa ndani."

"Shangazi pia anasema ndani. Ila Waya alisema wazi."

"Basi alikuwa juu."

"Mama!"

"Alikuwa huku na huku. Ilikuwa siku ya kazi nyingi."

"Mtu hawezi kuwa juu ya paa na mbele ya maikrofoni kwa wakati mmoja."

"Wewe hukumjua baba yako," mama alisema, akakanyaga cherehani, na kelele yake ikafunga mazungumzo. Kesho yake alipoulizwa tena alisema yeye alikuwa anashona tu, hakuinua kichwa. Siku iliyofuata akasema marehemu asemwe kwa mema au asisemwe kabisa. Binti Sauti akabaki anamtazama. Alikuwa hajauliza baya lolote.

Alipompelekea meneja mkanganyiko ule, meneja alifurahi. "Mvua, jua, paa! Wasikilizaji watapenda. Walete wote wawili studio, wabishane."

"Mkuu, mimi mwenyewe sielewi kilichotokea."

"Wataeleza hewani. Ndiyo utamu wa moja kwa moja."

Asubuhi ya kipindi, Waya alifika amevaa koti lililonuka dawa ya nondo. Shangazi alifika na kilemba kipya, akiwa ameandamana na picha ya kaka yake ndani ya fremu, ingawa alielezwa kwamba redio haionyeshi picha. Aliisimamisha mezani ikimtazama Waya. Kiyoyozi cha studio kilikuwa kimekufa wiki nzima, na feni kubwa iliyoletwa badala yake ilinguruma pembeni. Taa nyekundu ikawaka. Binti Sauti akawakaribisha wasikilizaji, akaanza kwa kusimulia habari za kiwanda cha barafu na stoo tupu. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama maji.

Yaliharibika alipowapa wageni nafasi. Shangazi alileta mvua yake, Waya akaleta jua lake. Simu zikaanza kuingia. Nahodha wa kivuko akasema hakukuwa na mvua wala jua, kulikuwa na ukungu, anakumbuka kwa sababu nusura agonge gati, na maneno ya kwanza redioni yalikuwa "Leo barafu imekwisha." Mwalimu mmoja wa kike akasema hapana, tangazo la kwanza lilikuwa la mtoto aliyepotea, na hana shaka, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa yeye. Muuza samaki akasema wote wanaota. Redio ilianza kwa wimbo, na wimbo ukakwama palepale, ukarudia neno moja mpaka jioni.

Binti Sauti aligeuka huku, akageuka kule. Kila sauti ilikuwa na hakika kuliko iliyotangulia. Alijaribu kuwarudisha wageni kwenye jambo moja.

"Tukubaliane hili tu. Baba yangu alikuwa wapi?"

"Mbele ya maikrofoni," shangazi alisema.

"Juu ya paa," Waya alisema, kisha akashtuka kama mtu aliyekanyaga moto.

"We mzee, unataka kusema kaka yangu alidanganya mji mzima? Leo anapewa studio, wewe ndiyo unakuja kumvua nguo?"

"Bibi, mimi sijasema hivyo."

"Umesemaje basi? Kama yeye alikuwa kwenye bati, nani aliongea? Jini?"

Shangazi akavua vipokea sauti, akaviweka mezani kwa kishindo kilichowaumiza masikio wasikilizaji wote. Nyuma ya kioo, meneja aliyependa utamu wa moja kwa moja alikuwa anapitisha kiganja shingoni, yaani kata, kata. Taa ya simu ikawaka. Kwa kukosa la kufanya, Binti Sauti aliipokea.

"Karibu msikilizaji, uko hewani."

Laini ikakwaruza. Kisha: "Ndugu zangu, kaeni karibu."

Sauti ilikuwa nzito na tulivu, imebanwa na laini ya simu, na ngurumo ya feni ikawa chini yake kama mkeka. Shangazi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Waya aliinamisha kichwa. Binti Sauti aliijua sauti ile kuliko alivyoijua yake mwenyewe, lakini haikukubali kukaa kwenye uso wowote.

"Kaka," shangazi alinong'ona.

"Samahani," Binti Sauti alisema. "Samahani, mzee. Unatupigia kutoka wapi?"

"Mzee nani? We mtoto, humjui mama yako?"

Nyuma ya kioo, mkono wa meneja ulibaki shingoni.

"Nimewasikiliza nimechoka," mama aliendelea. "Asubuhi kulikuwa na jua, mchana ikanyesha mvua. Na ukungu sikatai. Kila mmoja ana lake na hakuna mwongo. Wifi yangu, usilie. Ulichokiona ulikiona kweli. Ila aliyesema nilikuwa mimi. Sasa mwacheni mume wangu apumzike." Simu ikakatika.

Chumba cha mitambo kikaweka muziki, wimbo wa harusi, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Shangazi alichukua picha yake, akaikumbatia, akatoka bila kuaga mtu. Nje ya kituo watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Wengine walisikia mwanzo wa simu, hawakusikia mwisho, kwa hiyo walikuja kuuliza kama ni kweli Sauti amefufuka. Mmoja alileta malalamiko ya bomba lililopasuka mtaani kwake; alisema enzi za Sauti bomba likitangazwa asubuhi, jioni limezibwa, na kama amerudi ndiyo vizuri. Mwanamke mwenye kikapu akamjibu kwa dharau: "Sisi wateja wa cherehani tulijua siku zote. Ila nani angetuuliza sisi?"

Binti Sauti alipita katikati yao akiwa kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya watu. Nyumbani alimkuta mama yake anapindua kola ya shati, utadhani hakuna lililotokea.

"Mama, umemwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Nao walikuwa na njaa. Kaa."

Alikaa juu ya rundo la sare. Mama hakumtazama, aliongea na kola.

"Baba yako alikuwa na maneno kichwani, mengi, mazuri. Usiku kucha alikuwa akiyarudia mpaka nikayakariri bila kutaka. Lakini taa nyekundu ilipowaka, ulimi ulifungwa. Watu wamejaa dirishani. Mimi niko sakafuni nyuma ya pazia, sijamaliza upindo, namwona miguu tu. Miguu inatetemeka, mwanangu, mpaka meza inacheza. Na maikrofoni ya wageni ilikuwa imelala hapo chini, bado haijafungwa mahali pake. Nikaona mtu wangu anaaibika. Nikasema mimi. Na yeye, sijui kwa akili gani, akaanza kuchezesha midomo."

"Ndiyo maana shangazi…"

"Aliona midomo. Macho yakishaona midomo, sikio litabisha nini?"

"Na paa? Waya anasema alikuwa naye juu."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Siku ya kwanza ipi? Tulianza zaidi ya mara moja. Mara jenereta lilizima kabla hatujavuta pumzi. Mara tulisikika mpaka getini tu, tukaona tumefika mbali. Kila mtu ana siku yake ya kwanza. Mimi mwenyewe ukinibana sana nitachanganya."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tungesema saa ngapi? Alipotoka nje walimbeba juu juu. Mtu akishabebwa mabegani hawezi kujieleza. Tukasema tutasema kesho. Kesho wakaja kumpa mkono, wakampa jina. Kila asubuhi yeye mezani, mimi nyuma ya pazia. Watu wakimwona barabarani haongei, wanasema anatunza sauti! Halafu wewe ukaanza kunijaa tumboni, nikawa siingii tena nyuma ya pazia. Ndipo koo la baba yako likaanza kuumwa."

Binti Sauti alicheka, na palepale akaona machozi yanataka kumtoka, akaacha vyote viwili. "Hukumchukia?"

Mama aliweka kola chini. "Nilikuwa mgeni mji huu, sina hata wa kunisalimia. Nikienda sokoni nasikia watu wanarudia maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Siku nyingine nilitembea kama malkia. Siku nyingine niliona nimeibiwa. Na siku nyingine niliona mimi ndiye mwizi, kwa sababu redio ilikuwa yake, aliijenga yeye, mimi nikamchukulia pale alipopataka zaidi kuliko popote. Mpaka leo sijui ni ipi. Usiniulize tena."

Hakuuliza tena. Lakini mwenyewe hakupata utulivu. Maisha yake yote aliifuata sauti ya mtu aliyekufa, akaisomea, akaajiriwa kwa ajili yake. Kumbe sauti yenyewe ilikuwa chumba cha pili ikimwomba amletee uzi. Afurahi? Akasirike? Amkasirikie nani, aliyenyamaza au aliyesema? Kazini alisoma taarifa za habari na kujisikiliza katikati ya sentensi, akitafuta ametoa wapi kila neno, mpaka siku moja akasahau kusoma hali ya hewa.

Bodi ilikutana kuhusu studio. Nusu walitaka jina libadilishwe, nusu walisema jambo limeshapita. Meneja akapendekeza majina mawili, yatenganishwe kwa mstari. Wakamwita mama. Alikuja na futi ya kupimia shingoni, akawasikiliza wote, akasema, "Aliyegonga misumari ni yeye. Aliyeomba stoo ni yeye. Wekeni jina lake, na mimi bado sijafa, msinitundike ukutani." Ikawa hivyo. Walimwomba walau aje kusoma matangazo siku moja kwa wiki. Alisema ana sare za shule. Waliporudi baada ya shule kufunguliwa alisema atafikiri, na huko kufikiri kukaishia kuwa kila Jumatano asubuhi, matangazo ya vilivyopotea na vilivyookotwa. Mpaka leo wapo wanaopiga simu wakianza na "Shikamoo mzee."

Shangazi hakuonekana. Binti Sauti alikwenda nyumba ya wageni mara kadhaa, akaambiwa amelala au ametoka. Halafu alasiri moja akaja mwenyewe, bila kilemba, akasimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani. Mama aliondoa mguu kwenye kikanyagio.

"Karibu, wifi."

"Sikukuja kugombana." Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja. "Wala sidai kitu. Nina swali tu. Nikijaribu kumkumbuka kaka yangu anavyoongea, inakuja sauti yako. Hata utotoni, tukicheza, naiona midomo yake, inatoka sauti yako. Ya kwake imekwenda wapi?"

Binti Sauti alikuwa anachomoa nyuzi kwenye shati, mkono ukasimama. Alijaribu naye. Alimwona baba yake akinawa uso, akifunga viatu, akipuliza chai. Alimwona akisema. Hakusikia kitu.

"Ilikuwa nyembamba," mama alisema polepole. "Alikuwa anakimbiza maneno, kama mtu anayeomba kupita."

"Haikuwa nyembamba. Ilikuwa na mkwaruzo. Kila neno anaanza na 'yaani'."

"Hiyo 'yaani' ilikuja uzeeni."

"Ilikuja uzeeni wapi, mimi nimekua naye!"

Walijaribu wote wawili. Shangazi alisema "yaani" kwa mkwaruzo mpaka akakohoa. Mama aliikaza sauti yake nene, akaipandisha juu, ikatoka kama mlango mbovu, wakacheka wote. Binti Sauti aliwasikiliza akitumaini kitu kitajibu ndani yake. Hakikujibu. Akaona labda ndiyo basi, mtu aliyeipa pwani nzima sauti amekwenda na ya kwake.

"Jioni," mama alisema ghafla, "alipokuwa anamwita huyu aingie ndani. Alisimama hapo mlangoni, hakupiga kelele, alikuwa hawezi. Alivuta hivi." Akafumba macho, akabana kifua, na kutoka puani kikatoka kitu chembamba, chenye mawimbi: "Mamaa. Mama eeh. Kumekuchwa huko?"

Binti Sauti alikuwa ameshageuka. Shingo ilitangulia kabla ya akili. Alikuwa anatazama mlangoni, na shati limemwanguka magotini.

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Hapohapo," alisema kupitia vidole. "Wifi, hapohapo. Rudia."

Mama akafumba macho tena, akavuta pumzi.